Kuchukua Damu ya Kuotesha Bila Kuichafua: Mwongozo Kamili, Kutoka Kitandani Hadi Jibu

Kila wiki lalamiko ni lile lile. Muuguzi au daktari wa zamu anapokea jibu la damu ya kuotesha, yaani damu inayowekwa kwenye chupa ya lishe ili kuona kama ina vijidudu, limeandikwa: "Wameota bakteria wa ngozi, tafadhali leta sampuli nyingine." Anapiga simu maabara akiwa amekasirika. "Mimi nilipaka spiriti vizuri, nyinyi ndio mmechafua." Mimi ndiye ninayepokea simu hizo, na sitaki kujifanya maabara haikosei. Ila mara nyingi kosa lilishafanyika kabla chupa haijafika dirishani kwetu, katika dakika mbili za kwanza kando ya kitanda. Likishafanyika hatuna cha kulirekebisha. Chupa ina lishe na inkubeta ina joto, kwa hiyo kijidudu cha ngozi kitaota humo kwa raha zote, kama kile cha ugonjwa.

Gharama yake anaibeba mgonjwa. Anaanzishiwa vankomaisini, antibiotiki asiyoihitaji, analala siku za ziada, anachomwa tena. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni chini ya seti 3 (seti ni chupa za mchomo mmoja) zilizochafuka katika kila 100, na wanaofanya kazi kwa makini hufika 1.

Wengine huuliza kama usumbufu huu una maana, wakati homa nyingi zinatibiwa kama malaria au "taifodi" ya kipimo cha Widal. Utafiti uliofanyika Moshi miaka ya 2007 na 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 walisemwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Bakteria kwenye damu walipatikana kwa asilimia 9.8, na fangasi kwa asilimia 2.9. Hao wa fangasi ni rahisi kuwakosa kwa vipimo vya kawaida vya wodini.

## Vifaa: viwe mezani kabla hujamgusa mgonjwa

Ukiinuka kwenda kutafuta kitu katikati ya kazi, ndipo mambo yanapoharibika. Andaa vyote kwanza:

- Chupa mbili za kuoteshea kwa kila mkono: moja ya vijidudu vinavyohitaji hewa, nyingine ya visivyohitaji. Kama hospitali yako ina za aina ya kwanza tu, tumia mbili za aina hiyo.
- Bomba la sindano la mililita 20 na sindano ya geji 21, vipya, kwa kila mkono.
- Klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na spiriti ya asilimia 70. Kama haipo: spiriti ya asilimia 70, kisha povidoni ayodini ya asilimia 10.
- Vitambaa vya spiriti vya pakiti moja moja, au gozi iliyotakaswa ambayo utailowesha mwenyewe saa hiyo hiyo.
- Glavu safi, na jozi moja iliyotakaswa pembeni.
- Mpira wa kufungia mkono, sefti boksi ya kutupia sindano, plasta.
- Stika, kalamu na fomu ya maombi.
- Saa yenye mshale wa sekunde. Sitanii, utaiona kazi yake hatua ya 4.

Kuhusu spiriti: ile ya asilimia 96 haizidi ya 70 kwa kuua vijidudu. Maji yaliyomo ndani ya ile ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya, na yanaichelewesha kukauka ili ipate muda wa kufanya kazi.

Kitu kimoja ninachoomba kiondolewe mezani kabisa ni kopo la pamba zilizolowekwa. Unalijua: kopo la bati au la plastiki lenye kifuniko, pamba zimejaa, spiriti inaongezwa juu kila asubuhi, na kila mwenye zamu anachovya vidole. Miaka kadhaa nyuma nilipokea chupa nne za wagonjwa wanne tofauti kutoka wodi moja ndani ya siku mbili. Zote ziliota Bacillus, vijiti vinene vya zambarau. Wagonjwa wanne hawawezi kuugua kitu kile kile adimu kwa pamoja. Nilipanda wodini nikaomba pamba moja kutoka kwenye kopo lao, nikaiotesha. Asubuhi sahani ilikuwa imejaa makoloni makubwa ya kijivu, makavu, kama majivu yaliyodondokewa na mvua. Mbegu za Bacillus hazifi kwa spiriti. Waliokuwa wakipaka ngozi ili kuisafisha walikuwa wakiipanda.

## Hatua ya 1: Chagua wakati

Chukua damu kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Dozi moja tu ya seftriaksoni inaweza kuifanya chupa ibaki kimya huku mgonjwa bado ana vijidudu kwenye damu.

Kama dawa imeshaanza, chukua hata hivyo ikiwa hali inatisha, ila iandike kwenye fomu, na uchukue muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, ambapo dawa mwilini imepungua.

Usisubiri homa ipande. Wengi tulifundishwa kuvizia kilele cha homa, lakini vijidudu hutangulia kuingia kwenye damu na mtetemeko hufuata baadaye. Ukisubiri kipimajoto kifike 39 umeshachelewa, na hupati faida yoyote.

Tahadhari: mgonjwa mwenye dalili za sepsisi (maambukizi yanayohatarisha maisha), presha imeshuka, anahema haraka, amechanganyikiwa, asicheleweshewe dawa kwa sababu ya chupa. Mtu aliyejiandaa humaliza mikono yote miwili ndani ya dakika 15. Ukiona huwezi, choma dawa.

## Hatua ya 2: Zungumza na mgonjwa

Hatua hii huachwa, kisha mgonjwa anavuta mkono sindano ikiwa ndani. Damu ya kuotesha ni nyingi kuliko ya vipimo vingine, na watu wetu wana hofu zao kuhusu damu inakopelekwa. Mweleze mapema.

Hivi ndivyo sista mmoja ninayemheshimu alivyofanya mbele yangu:

"Shikamoo mzee. Tunataka tujue ni mdudu gani anakuletea hiyo homa. Nitakuchoma mkono huu, halafu ule."

"Marahaba. Mbona mara mbili? Na hilo bomba kubwa hivyo, damu yote hiyo inakwenda wapi?"

"Inakwenda maabara hapo chini, mzee, inawekwa kwenye joto tuone kitakachoota. Bomba moja ni vijiko vinne tu vya chai. Tukichoma mara moja, mdudu wa kwenye ngozi anaweza kutudanganya. Akionekana mikono yote miwili, huyo hana pa kujificha."

Mzee akakunja mkono wa shati mwenyewe.

## Hatua ya 3: Kagua chupa, kisha utafute mshipa

Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Inua chupa kwenye mwanga: kimiminika kiwe angavu. Kikiwa na ukungu, mapovu, au alama ya chini ya chupa imebadilika rangi, hiyo imeshaota kabla hata hujaanza. Irudishe.

Chora mstari kwa kalamu ubavuni, mililita 10 juu ya usawa wa kimiminika. Chupa nyingi zina mvuto wa ndani na zitakunywa damu kupita kiasi usipokuwa na mahali pa kuishia.

Ng'oa kifuniko cha plastiki, futa mpira wa juu kwa spiriti ya asilimia 70, acha ukauke. Kifuniko kinazuia vumbi tu, mpira ulio chini yake haukutakaswa. Usipake ayodini hapo, inaweza kuudhoofisha mpira.

Halafu funga mkono na utafute mshipa *sasa*, kabla ya kusafisha. Ubonyeze mpaka uujue kwa vidole. Tafuta alama ya kudumu karibu nao, kovu, mkunjo au kipele, ili baadaye urudi pale pale kwa macho. Ukiupata, legeza mpira.

Mahali ni mkononi, kwa kuchoma upya. Usichukue kwenye kanula (mrija wa plastiki wa kwenye mshipa) iliyokaa tangu juzi. Kinachong'ang'ania ukuta wa plastiki ile si lazima kiwe kwenye damu. Kinenani ni mahali pa mwisho kabisa, ngozi ya pale haisafishiki kirahisi.

## Hatua ya 4: Safisha ngozi, na hapa ndipo wengi tunapoanguka

Nitakaa hapa kidogo, maana ukiifanya hii vizuri na mengine ukiyafanya vibaya kiasi, bado utapata jibu linaloeleweka. Kinyume chake hakiwezekani.

1. Nawa mikono au paka sanitaiza, vaa glavu.
2. Kama ngozi ina uchafu unaoonekana, jasho, mafuta ya nazi au udongo, ioshe kwa sabuni na maji, ikaushe. Klorheksidini haitoboi mafuta.
3. Paka klorheksidini yenye spiriti kwa kusugua kwenda na kurudi, kwa nguvu kiasi, sekunde 30 nzima. Bakteria wa ngozi hawakai juu tu, wamo kwenye vitundu vya vinyweleo. Kupitisha pamba mara moja ni kuwasalimia.
4. Acha ikauke yenyewe, sekunde 30 nyingine. Usipepee kwa mkono, usipulize kwa mdomo, usifute kwa gozi.
5. Kama unatumia povidoni ayodini, tangulia na spiriti, kisha ayodini, kisha subiri ikauke kabisa: kati ya dakika moja na nusu na mbili. Ayodini huua wakati inakauka. Ukichoma ikiwa bado majimaji, umechoma kwenye rangi ya kahawia tu.

Hapo ndipo saa inapofanya kazi. Sekunde 30 kichwani mwa mtu mwenye wagonjwa wanaomsubiri ni kama 8. Nimewahi kuzihesabu.

Tahadhari kubwa: ukishasafisha, usiguse tena. Kosa hili hufanywa na watu wazuri kabisa, wenye uzoefu. Mkono wa kulia umeshika bomba, na kidole cha shahada cha kushoto kinashuka chenyewe kubonyeza mshipa "kuhakikisha tu". Glavu ya boksi ni safi lakini haikutakaswa, na imeshashika meza, mpira na kitanda. Mguso mmoja huo unatosha. Ukijijua una mazoea hayo, vaa ile jozi iliyotakaswa kabla ya kusafisha, na usishike kingine. Ukigusa kwa bahati mbaya, anza tena namba 3 bila kujionea aibu.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili usitumie klorheksidini, ngozi yake inaweza kuungua. Spiriti ya asilimia 70, mara mbili, kila mara ikauke.

Utajua umefanikiwa ukiona ngozi imekauka, haing'ai, na hakuna kilichoigusa tangu ulipoisafisha zaidi ya sindano.

## Hatua ya 5: Vuta damu ya kutosha

Mtu mzima: mililita 20 kwa mkono mmoja, yaani 8 hadi 10 kwa kila chupa.

Sababu ni hii. Mtu mzima anayekaribia kufa kwa sepsisi anaweza kuwa na chini ya kijidudu kimoja hai katika kila mililita ya damu. Ukimpelekea mtaalamu wa maabara mililita 3, huenda hakuna hata kimoja ndani yake. Ni kama kuchota kikombe kimoja kwenye pipa ukitafuta punje tatu za mchele. Chupa itakaa siku tano kimya, utaandikiwa "hakuna kilichoota", nawe utaamini.

Damu ikizidi nayo ina hasara. Kimiminika cha chupa kimepimwa ili damu iwe kati ya sehemu moja ya tano na moja ya kumi. Damu ikijaa sana, kinga za mgonjwa na dawa zilizomo ndani yake zinaendelea kuua vijidudu humo humo. Mashine nayo inaweza kudanganyika, maana chembe nyeupe zikiwa nyingi hutoa hewa ya kaboni kama bakteria.

Kwa watoto, weka jumla isizidi asilimia 1 ya damu yote ya mwili. Mtoto ana takriban mililita 80 kwa kila kilo. Wa kilo 3 ana kama mililita 240, kwa hiyo unaweza kuchukua 2 bila wasiwasi. Tumia chupa ya watoto. Nyingi hupokea mililita 1 hadi 3, na chini ya 1 ni kubahatisha. Usikate tamaa kwa sababu mshipa ni mdogo. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2005, wa watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa, ulikuta bakteria kwenye damu katika asilimia 26 ya watoto waliofia hospitalini.

## Hatua ya 6: Gawanya kwenye chupa

Ukitumia bomba la sindano, anza na chupa isiyotaka hewa, kwa sababu hewa iliyobaki imekaa juu, karibu na mwisho wa bomba. Ukitumia sindano ya kipepeo yenye mrija, anza na chupa inayotaka hewa, kwa sababu hewa ya mrijani ndiyo itakayotangulia.

Damu ikiwa haba, sahau utaratibu huo: jaza chupa inayotaka hewa kwanza. Vijidudu vingi vinavyoua huota humo, na fangasi pia.

Usibadilishe sindano kati ya ngozi na chupa. Wazee wetu walibadilisha, lakini faida yake ni ndogo na hatari ya kujichoma ni kubwa. Usisukume kwa nguvu, mvuto wa chupa utajivutia. Simamisha kwenye mstari uliochora. Ipindue chupa taratibu mara nane au kumi damu isigande, usiitikise kama dawa ya maji.

Sindano moja kwa moja kwenye sefti boksi.

## Hatua ya 7: Mkono wa pili

Rudia kila kitu, kuanzia hatua ya 3, kwenye mkono mwingine. Huna haja ya kusubiri saa nzima, dakika chache zinatosha.

Mkono wa pili una kazi mbili. Kwanza, unaongeza nafasi ya kukamata. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, seti ya kwanza iligundua kama asilimia 73 ya maambukizi, mbili zikafika 90, tatu 98. Pili, ndiyo shahidi wako: Staphylococcus ya ngozi ikiota chupa moja kati ya nne, hiyo karibu hakika ni uchafu, ikiota zote nne kutoka mikono miwili, kaa chini ufikiri upya.

Kuvuta mililita 40 mkono mmoja na kuzigawa kwenye chupa nne si seti mbili. Tunaletewa sana hizo. Uchafu wa tundu moja umeenea chupa zote, na shahidi wako amenunuliwa.

## Hatua ya 8: Stika, fomu, safari

Andika kwenye chupa ukiwa bado kitandani: jina, namba ya faili, mkono wa kulia au kushoto, tarehe na saa. Usibandike juu ya msimbo wa mistari wala chini ya chupa, mashine inasoma huko.

Kwenye fomu, "homa" haitoshi. Tuambie ana kanula ya shingoni, ana virusi vya Ukimwi, ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, anatumia dawa gani. Nikijua ana kanula ya shingoni na amekula antibiotiki wiki mbili, nitatafuta fangasi kwa jicho jingine.

Chupa zifike maabara ndani ya saa 2. Zikizidi saa 4 umeanza kupoteza. Zikae kwenye joto la kawaida la chumba. Usiweke kwenye friji, vijidudu vingine hufa kwa baridi. Hili naona likifanywa kwa nia njema kila usiku wa Jumamosi.

## Hatua ya 9: Maabara, chupa inapoita

Sehemu hii ni ya wenzangu wa benchi, ila wa wodini wakiisoma wataelewa kwa nini jibu haliji siku ile ile.

Penye mashine, chupa hukaa siku 5 kwenye nyuzijoto 35 hadi 37. Pasipo mashine, siku 7, na kila asubuhi unaikagua kwa mwanga: ukungu, mapovu, damu iliyopasuka na kuwa nyekundu angavu, au vitone vyeupe vimekaa juu ya tabaka la damu kama chenga za chumvi. Kwa chupa zinazokaguliwa bila mashine, pandikiza kwenye sahani siku ya kwanza na ya mwisho hata kama chupa inaonekana safi. Vijidudu vingine haviinui ukungu.

Chupa ikiita, yaani mashine au macho yakionyesha kuna kilichoota:

1. Tandaza tone kwenye kioo, upake rangi ya Gram (inayotenganisha bakteria wa zambarau na wa pinki), usome mara moja.
2. Pandikiza kwenye sahani za agari (lishe iliyoganda): agari ya damu, agari ya chokoleti na MacConkey. Ukiona fangasi kwenye kioo, ongeza Sabouraud.
3. Piga simu wodini ndani ya saa moja. Usisubiri jibu la maandishi. "Vijiti vya pinki, mgonjwa wa kitanda cha 6" inaweza kubadilisha dawa leo.

Agari ya damu iwe ya kondoo, asilimia 5. Najua maabara nyingi zetu hutumia damu ya binadamu iliyopitwa na wakati kutoka benki ya damu, kwa kuwa ndiyo iliyopo. Ina kingamwili, sukari ya chupa na mabaki ya dawa. Streptokoki huota kwa shida, na duara la kupasua damu halisomeki. Jirani anayefuga kondoo ni rasilimali ya maabara.

Kipimo cha kutenganisha rafiki na adui kwa Staphylococcus ni koagulesi. Changanya koloni na plazima kwenye mrija, weka nyuzijoto 37. Plazima ikiganda kama uji uliopoa, una Staphylococcus aureus. Soma saa 4 baadaye, usisubiri kesho tu, kwa sababu baadhi huganda kisha huyeyusha wenyewe, ukaandika hasi kimakosa. Isiyoganda saa 4, irudishe na uisome tena saa 24.

## Hatua ya 10: Kusoma jibu

Hawa uwaamini hata wakiota chupa moja tu: Staphylococcus aureus, Escherichia coli, Klebsiella, Salmonella, Pseudomonas aeruginosa, Streptococcus pneumoniae, na Candida (fangasi) yoyote ile.

Hawa uwatilie shaka wakiota chupa moja: Staphylococcus wasiogandisha plazima, Micrococcus, Corynebacterium, Bacillus wasio wa kimeta, na Cutibacterium acnes.

Muda nao unasema. Vijidudu vya ugonjwa mara nyingi huita ndani ya saa 24 za kwanza, vya uchafu hujikokota. Si sheria, lakini ukiwa na chupa moja kati ya nne iliyoita siku ya tatu, usianzishe vankomaisini kabla ya kwenda kumwona mgonjwa. Kama ana vali ya bandia ya moyo, kanula ya shingoni, au ni mtoto njiti, zungumza na maabara kwanza. Kwao hao wa ngozi wanaweza kuwa wa kweli.

Sasa fangasi. Kwenye kioo cha Gram, hamira (fangasi wa chembe moja moja) huonekana za zambarau, kubwa mara kadhaa kuliko bakteria, nyingine zina kichipukizi ubavuni kama njugu mbili zilizoshikana. Mgeni wa hadubini huziita "staphylokoki wakubwa" na kuzipita. Ukiona mviringo unaozidi ukubwa uliouzoea, simama hapo.

Candida kwenye damu kamwe si uchafu. Usiandike "rudia sampuli". Piga simu: mgonjwa anahitaji dawa ya fangasi leo, kanula ya mshipa mkubwa itolewe ikiwezekana, na damu ichukuliwe tena kila siku au siku moja baada ya nyingine mpaka isiote, kwa sababu siku 14 za dawa zinahesabiwa kuanzia hapo. Na chupa isiyoota haimwachi mgonjwa huru: kuotesha damu hukosa takriban nusu ya maambukizi ya ndani ya Candida.

Kwa kutambua aina pasipo mashine, kipimo cha mrija chipukizi kinatosha kuanzia. Gusa koloni kidogo sana, weka kwenye nusu mililita ya seramu ya binadamu, nyuzijoto 37, saa 2 hadi 3, usizidishe. Tazama hadubini: mrija mwembamba unaotoka kwenye chembe bila kubanwa shinani maana yake Candida albicans, au ndugu yake dubliniensis. Ukibanwa shinani huo ni uzi wa aina nyingine, usiuhesabu.

Isiyotoa mrija, na bado inaota vizuri kwenye nyuzijoto 42, iwekee alama nyekundu. Inaweza kuwa Candida auris, iliyoelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, na ambayo Kenya imeshaiona hospitalini. Mara nyingi haisikii dawa ya fangasi ya flukonazo, hukaa juu ya vitanda na meza kwa wiki, na mashine za zamani za utambuzi huiita kwa jina la Candida haemulonii. Ipeleke maabara ya rufaa, na timu ya kuzuia maambukizi ijulishwe kabla jibu halijarudi.

Hamira ya mviringo yenye ganda, kwa mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi, ifikirie Cryptococcus. Pima antijeni yake (kipande cha fangasi huyo) kwenye damu, na usiache maji ya uti wa mgongo hata kama mgonjwa anasema kichwa hakimwumi.

## Daftari la wodi

Jambo la mwisho, linachukua dakika kumi kwa mwezi. Chukua daftari, gawa kurasa kwa wodi. Kila mwezi andika seti zilizopokelewa na zilizochafuka. Gawa, zidisha kwa 100. Wodi iliyoleta seti 60 na 6 zikachafuka ina asilimia 10, mara tatu na zaidi ya inayokubalika.

Peleka namba hiyo wodini mwenyewe, kwa mkuu wa wauguzi, bila majina ya watu. Omba uangalie seti mbili tatu zikichukuliwa, ukiwa umesimama pembeni na saa yako. Angalia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Na ukitoka, chungulia mezani kama lile kopo la pamba limerudi.